Mwaka Nilipowaponya Watu kwa Kalamu

Mjane wa Mzee Kibwana alinishika mkono kabla sijameza. Ilikuwa mwezi uliopita, Chanzuru, karibu na Kilosa mjini, kwenye hitima ya arobaini ya mumewe. Nilikuwa nimeingia chumbani kumpa pole nikiwa na tonge la pilau shavuni, maana mimi ndivyo nilivyo, hata msibani taya langu halitulii. Bibi alikuwa bado yuko edani, amevaa nguo nyeupe, amenyoosha miguu kwenye mkeka, na wanawake waliokuwa naye walikuwa wametoka uani kusaidia kupakua. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaendelea kunishika tu. Nikadhani anataka maji. Akasema, kwa sauti ileile ambayo mtu huulizia chumvi:

"Wewe hukupiga simu, mjukuu wangu. Mzee alinikataza kusema. Sasa mzee hayupo."

Lile tonge halikwenda mbele wala halikurudi nyuma. Kwa miaka mitatu nilikuwa na hakika kwamba siri yangu inajulikana na watu wawili tu, mimi na Mzee Kibwana, na mzee alikuwa ameshazikwa. Kumbe muda wote tulikuwa watatu. Nje, Shangazi Tatu alikuwa anacheka na wapishi, sauti yake inaingia dirishani, na mimi nimekaa pale kama mwizi wa kuku aliyekamatwa, ila hapa mwenye kuku ndiye anayembembeleza mwizi.

Nina miaka kumi na nane, niko kidato cha sita, na najua kumbukumbu za maisha huandikwa na watu waliostaafu, wenye miwani na kisukari. Mwalimu wetu wa Kiswahili alipoona ninaandika hii aliniambia nisubiri kwanza niwe na maisha, ndipo niyakumbuke. Nikamjibu kwamba mwaka mmoja ninao, na huo mmoja umenitosha. Ni mwaka wa kidato cha tatu, nilipokaa Mikumi kwa shangazi yangu. Kwa nini nilikuwa kwake na siyo nyumbani ni habari ya watu wazima, na hawajaniomba niwaandikie.

Shangazi alikuwa mkandaji, na mpaka leo ni mkandaji. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba ya wageni, hatua chache kutoka barabara kuu ya Iringa, pale malori yanapolala. Kulikuwa na kitanda cha mbao alichokikata miguu ili apate kumwinamia mtu kwa uzito wake wote, godoro jembamba lililofunikwa kanga, ndoo ya maji ya moto, na chupa mbili za soda: moja ya mafuta ya nyonyo, moja ya mafuta ya nazi. Kati ya chumba hicho na chumba tulicholala kulikuwa na ukuta wa hadibodi, kwa hiyo mimi nilifanya hesabu za shule huku nasikiliza watu wazima wakilia. Dereva mwenye tumbo la kujaza usukani, ambaye dakika kumi nyuma alikuwa anamtukana tingo wake kwa sauti ya kutikisa vioo, akifika pale kitandani alikuwa anamwita mama yake. Nikawa nawaigiza shuleni wakati wa mapumziko, mmoja mmoja, mpaka wenzangu wakanipa jina la Kibonzo. Hata mwalimu wa zamu aliwahi kujificha nyuma ya mlango ili asikie yule dereva wa Tunduma anavyoguna.

Jambo moja sikuliigiza kwa sababu halikuchekesha. Wote, wakitoka, walisema maneno yaleyale: nimepona, Mama Tatu, Mungu akubariki. Dereva, mama ntilie, mkulima, mwalimu. Sikuwahi kusikia hata mmoja aliyesema bado. Na Shangazi alikuwa na hesabu yake ambayo hakuna mtu aliyeipinga pale Mikumi: asiyerudi amepona. Mimi mwenyewe niliiona ni hesabu safi. Tena kwa mtu anayekaa kandokando ya barabara kubwa, ambapo wateja wengi hawapiti mara mbili, ilikuwa hesabu inayompa ushindi kila siku.

Halafu akaja Yona. Huyu alikuwa mtaalamu wa viungo kwenye hospitali moja ya Kilosa, kijana mrefu wa Vidunda, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyelelewa kwenye kwaya ya kanisa. Watu walimwita dokta, naye kila mara aliwasahihisha kwamba yeye si daktari, ananyoosha tu viungo, nao walimjibu sawa dokta. Alifika Jumapili mchana, akala nasi ugali, kisamvu na dagaa, akasifia kisamvu mara tatu, na baada ya hapo nikaambiwa nikaoshe vyombo. Kwetu kuosha vyombo maana yake ni kusikiliza ukiwa umeinama. Nikamsikia anamuuliza Shangazi, katika wanaokuja kukandwa, wangapi hupona. Shangazi akasema wote, ukiondoa wachache wenye wasiwasi. Akaulizwa amejuaje. Akasema hawarudi. Nikategemea Yona acheke, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaanza.

"Hata wangu hawarudi, mama," alisema. "Hicho ndicho kinachonitisha."

Kisha akasimulia habari ya mama mmoja wa kwao mlimani. Alikuja hospitali na mgongo, Yona akamnyoosha, akamfundisha mazoezi, mwishowe mama akasema amepona, akashukuru, na Yona akaandika kwenye faili kwamba amepona. Miezi mingi baadaye Yona akapanda Vidunda kwenye maziko. Njiani akamkuta yule mama anashuka kilima kwa makalio, hatua kwa hatua, tenga la ndizi kalitanguliza mbele yake. Mama alipomwona alishika mgomba, akajiinua mpaka akasimama, jasho linamtoka, akasema: nimepona kabisa dokta, asante sana. Yona alisema tangu siku ile kila anapoandika neno "amepona" anauona ule mgomba. Ndiyo maana alipoitwa na watu wa chuo waliokuwa wanafanya utafiti wa maumivu ya mgongo, hakuuliza maswali mengi. Na walihitaji wakandaji wa mitaani pia, kwa sababu huko ndiko watu wanakoanzia kabla hawajafika hospitali. Sharti lilikuwa moja kubwa: baada ya wiki sita mgonjwa aulizwe hali yake, na anayeuliza asiwe yule aliyemkanda.

Shangazi akakubali, na mtaa mzima ukajadili sababu. Dada Asha, aliyekuwa anafagia nyumba ya wageni, alikuwa na uhakika kwamba huko kwenye utafiti wanagawa fulana. Mwenye nyumba alisema Mama Tatu anatafuta cheo. Mimi nilikuwa upande wa soda na sambusa za mikutanoni. Nilipomuuliza Shangazi mwenyewe, akiwa ananawa mafuta mikononi, hakuzunguka. Alisema kuna muuguzi mmoja aliwahi kumwambia mbele za watu kwamba kazi yake ni kuwapaka watu mafuta kama chapati. Alitaka watu wa hospitali wakione kwenye karatasi kile ambacho barabara nzima inakijua. Hakuwa na mashaka hata chembe. Aliingia kwenye utafiti kama mtu anayepeleka mtoto wake mwenye akili kwenye mtihani.

Kabla ya kazi yenyewe, Yona alipendekeza tufanye majaribio kwa daftari la kawaida. Tukaandika watu kumi na mmoja wa karibu wenye simu, wengine wa Mikumi, wengine wa Kilosa, ambako Shangazi alikuwa anakwenda kukanda siku za gulio. Shangazi aliishia darasa la nne na mwandiko wake ulikuwa unapanda mlima, hivyo kalamu nikapewa mimi. Na kwa kuwa yeye aliyekanda hakutakiwa kuuliza, simu nikapewa mimi pia. Yona akatuma vocha. Kazi yangu ilikuwa kupiga, kuuliza, kuandika. Mtoto wa chekechea angeiweza.

Mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa Mzee Kibwana wa Chanzuru, mkulima wa mpunga na mahindi, mwembamba, mwenye maumivu yaliyotoka kiunoni mpaka kisigino. Shangazi alimkanda mara mbili kule Kilosa, na mara zote mbili nilikuwepo, shule zikiwa zimefungwa. Alikuwa mtu mzima pekee aliyecheka vichekesho vyangu bila kuniambia nikasome. Siku ya pili nilimwigizia dereva wa Tunduma, akacheka mpaka akashika mgongo, akasema nimuache kwanza apone ndipo nimuue. Alipoondoka alisema kama wengine wote kwamba amepona. Ila niliona alivyoushusha mguu wa kushoto mlangoni, taratibu, kama mtu anayeshuka kwenye mtumbwi. Niliona, na sikuandika, kwa sababu kwenye daftari hapakuwa na mahali pa kuandika mguu.

Wiki sita zilipotimia nikapiga simu tatu. Wa kwanza akasema amepona, alhamdulillahi, Shangazi anakuja lini tena Kilosa. Wa pili akasema amepona, akaniombea dua ndefu, elimu, mume na Makka. Wa tatu akasema amepona, halafu akataka kujua kama Mikumi kuna vyumba vya kupanga. Nikaona sasa hii ni kazi gani, unauliza swali ambalo jibu lake ni moja. Wanane waliobaki nikawajaza mwenyewe, alasiri moja, nimelala kitandani kifudifudi, na vocha ya Yona nikaimaliza kwa kuongea na rafiki yangu Shufaa aliyehamia Morogoro. Ili majibu yasifanane, nikayatia viungo. Mama fulani nikaandika anabeba ndoo mbili kwa mpigo. Fundi mmoja nikaandika analala usingizi mpaka mkewe analalamika. Na Mzee Kibwana, kwa kuwa nilikuwa nampenda, nikampa sentensi nzuri kuliko zote: "Amepona. Analima mpaka majirani wanamwomba apumzike." Niliisoma mara mbili. Nilijiona mwandishi.

Yona alipoliona daftari alifurahi, ila akasema angependa kumwona kwa macho huyu anayelima. Hapo ningeweza kusema. Lakini ukweli ambao mpaka leo unanishangaza kuliko mengine yote ni kwamba sikuogopa. Nilijua mzee amepona kwa sababu watu wa Shangazi wote walikuwa wanapona. Nilikuwa nimeshauamini uongo wangu kwa kuwa ulifanana na ukweli wa kila siku. Tulipanda bajaji pale Kilosa mjini, Yona, Shangazi na mimi, Shangazi akiwa na kitenge kipya, na jambo pekee lililokuwa kichwani mwangu ni kama tutapikiwa.

Shamba lililopakana na nyumba ya Mzee Kibwana lilikuwa na magugu yaliyonifika kifuani. Yona aliyatazama. Na mimi niliyatazama. Ndani tulimkuta mzee amekaa kwenye godoro, ameegemea ukuta, amevaa kanzu safi na kofia, na miguuni amefunikwa shuka. Alitukaribisha kwa furaha ya kweli. Kulikuwa na chetezo kinafuka udi mchana ule, na nikajiuliza hawa wanasherehekea nini, mpaka pua yangu ilipoanza kusikia kile ambacho udi ulikuwa umewekwa kukifunika. Mkewe akaleta wali, maharage na bamia. Yona akataka kuanza maongezi, mzee akakataa, mgeni hahojiwi kabla hajala. Tukala. Katikati ya kula Yona akauliza mgongo unaendeleaje, na mzee akasema amepona, Mama Tatu ana mikono ya baraka, na Shangazi akainamisha kichwa kwa haya kama bibi harusi.

Yona akamwomba asimame kidogo. Mzee akatania kwamba wageni wamekaa, yeye asimame ampigie nani saluti. Yona akaomba mara ya pili. Mkewe alikuwa mlangoni na jagi la maji ya kunawa, akaliweka chini.

"Hajasimama tangu mpunga ulipoanza kuchanua," alisema. "Na haja ndogo inatoka yenyewe, haimpi taarifa."

"Mama Hawa," mzee akasema, "wageni wanakula."

Hakuna aliyekuwa anakula. Yona alinawa, akapiga magoti, akafunua ile shuka. Miguu ilikuwa myembamba kama si ya mtu yule. Akamwambia mzee atazame dari na aseme ni kidole kipi kinachoguswa. Mzee akatazama bati, akasema kidole gumba. Yona akauliza tena. Mzee akasema, sasa ni hicho kidogo cha mwisho. Nilikuwa nimekaa mahali ninapoona vizuri. Mikono ya Yona ilikuwa kwenye mapaja yake mwenyewe. Hakuwa amegusa kidole chochote. Mzee alikuwa anabahatisha, kwa adabu, ili asimwangushe mgeni.

Shangazi alitoa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia tena kwake. Yona akavuta mkoba wake, akatoa daftari langu, akafungua, na akasoma kwa sauti, polepole, akiwa bado amepiga magoti: amepona, analima mpaka majirani wanamwomba apumzike. Ukiwahi kusikia kichekesho chako kikisomwa kwenye chumba kama kile hutachekesha tena kwa muda mrefu. Akafunga daftari, akamgeukia mzee.

"Mzee wangu, huyu mtoto alikupigia simu?"

Mzee Kibwana alinitazama. Nilimwona anaelewa. Niliona kabisa jambo linavyoingia machoni mwake na kukaa, na nikamsubiri anitaje.

"Alipiga," alisema. "Nikamwambia nimepona. Hayo ya kulima nilikuwa namtania."

Hata kichekesho alikibeba yeye. Nikatazama sahani yangu. Shangazi akamuuliza kwa nini hakumwambia kwamba hali ni mbaya. Mzee akamjibu kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua: "Mama, umenikanda siku mbili, umetokwa jasho kwa ajili yangu. Nikuambie nini?"

Bajaji ile ikambeba mzee akiwa amelazwa na godoro lake, kichwa mapajani kwa mkewe, Yona kabanwa mbele na dereva. Sisi hatukuwa na nafasi, tukatembea kwa miguu kurudi mjini. Shangazi alitangulia. Jua lilikuwa kali na kitenge chake kipya kilikuwa kimeshika vumbi mpaka magotini, hakukikung'uta. Alisema mara moja tu, bila kugeuka. Alisema watu wakimdanganya yeye anaelewa, ni heshima, lakini kama mzee yule ameshindwa kusema kweli hata kwa mtoto kwenye simu, basi yeye miaka yote hii alikuwa anakanda nini, na nani amewahi kumwambia kweli. Nilikuwa nyuma yake hatua tatu. Njia ilikuwa tupu. Nilifungua mdomo, nikauliza kama tutanunua maji.

Kutoka Kilosa walimpeleka Morogoro, akapasuliwa mgongo. Yona alikuja kutueleza. Alisema siyo mikono ya Shangazi iliyomvunja mzee, kile kinyama kigumu kilichoko kati ya pingili kilitoka mahali pake kikaibana mishipa ya fahamu, na kingeweza kutoka hata angekuwa amelala. Lakini akasema pia kwamba ganzi ya namna ile, mtu akiwahishwa siku za mwanzo, mara nyingine miguu huokolewa. Mzee hakuwahishwa. Nikapiga hesabu usiku na mchana, maana hesabu hizo naziweza, na zilitoka vilevile kila nilipozirudia: siku niliyopaswa kumpigia, mpunga ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kuchanua. Alirudi Chanzuru kwenye kiti cha magurudumu.

Shangazi aliacha kukanda karibu mwezi mzima. Madereva walikuja, wakagonga, wakaambiwa Mama Tatu anaumwa. Chupa za mafuta zikashika vumbi. Halafu siku moja akavaa, akaniambia twende Kilosa kwenye mkutano wa watu wa utafiti. Ulikuwa kwenye ukumbi mdogo wenye feni moja. Walikuwepo wataalamu wa viungo wa hospitali na wakandaji wa mitaani, wamekaa pande mbili kama wakwe wasioelewana, na yule wa chuo akaomba kila mtu aseme kwa nini ameamua kuingia. Mkandaji mmoja wa kiume alisema bila haya kwamba anataka cheti cha kutundika ukutani. Mtaalamu mmoja wa hospitali, mama mtu mzima, akasema vidole gumba vyake vimekwisha kwa kubonyeza watu, anataka kujua kabla hajastaafu kama kubonyeza kwa nguvu kunasaidia kuliko kubonyeza polepole, au amejiumiza bure. Kijana mwingine akasema mkuu wake alimwamuru. Watu wakacheka. Kisha akasimama Shangazi, akasimulia habari ya Mzee Kibwana, mwanzo mpaka mwisho, mguu, udi, kidole kisichoguswa. Akasema: "Alimwambia hata mtoto kwamba amepona. Ndiyo maana nimekuja. Nataka kujifunza namna ya kumuuliza mtu mpaka aseme."

Wale wa chuo wakaandika. Na kwa sababu ya maneno yale wakabadilisha maswali yao: hawakuuliza tena umepona au hujapona, wakaanza kuuliza umetokaje kitandani leo, nani alichota maji, umeenda chooni kwa miguu au kwa kushikwa. Nasikia yanafanya kazi vizuri, watu wanasema. Shangazi mwenyewe sasa huwafundisha wakandaji wapya, na kila akifundisha huanza na mtoto aliyepiga simu. Nimewahi kukaa nyuma ya chumba nikamsikiliza. Mtoto yule ni mzuri sana. Mpole, mtiifu, anauliza kwa heshima. Sijawahi kukutana naye.

Mzee Kibwana nilimtembelea pamoja na Shangazi mara kadhaa mwaka ule. Kila mara nilikwenda nimejiandaa kugombezwa, tukiachwa wawili. Tuliachwa wawili. Akaniomba dereva wa Tunduma. Nikaigiza, naye akacheka, huku mikono yake imeshika magurudumu, na mimi nikitamani anitukane.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya lile tonge la pilau. Mjane hakuniachia mkono mpaka alipomaliza. Alisema hataki niaibike, amenificha miaka mitatu na angeweza kunificha mingine. "Lakini Mama Tatu kila akija hapa ananiomba radhi," alisema. "Mpaka kwenye maziko aliniomba radhi. Nimechoka kuombwa radhi na mtu asiyenikosea."

Nilimwambia Shangazi kesho yake, Mikumi, kwenye chumba kilekile cha kazi, akiwa anakunja kanga za kitandani. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakapotea, nikasema tu: simu ya Mzee Kibwana sikupiga, nilitunga. Jambo nililolibeba miaka mitatu lilichukua muda mfupi kuliko kuagiza chai. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kile kitanda kifupi, kanga mapajani, magoti yake karibu na kidevu, na nikaona sura yake inaniangalia kama inavyomwangalia mgeni aliyeingia bila hodi. Nje lori lilishusha pumzi za breki. Nikasubiri anipige, kweli nilitamani. Badala yake akauliza:

"Na wale saba?"

Sikuelewa. Akarudia. Kumi na mmoja, alisema, ulipiga wangapi? Nikasema watatu. Ukitoa na mzee, wanabaki saba. Wako wapi? Na hapo ndipo nilipopata mshtuko ambao hata ule wa chumbani kwa mjane haukuufikia, kwa sababu katika miaka mitatu ya kujitesa, kukosa usingizi, kujiona mimi ndiye mwenye dhambi nzito kuliko wote Kilosa nzima, sikuwahi hata siku moja kuwafikiria wale saba. Nilimbeba mzee mmoja nikidhani mzigo umeishia hapo. Sikujua kama yule fundi analala. Sikujua kama yule mama ananyanyua hata kikombe.

Shangazi alimpigia Yona mbele yangu. Alimwambia kwamba jibu la Kibwana halikuwahi kuwepo, na mengine saba hayakuwepo, na aliyeyatunga atakuja Jumamosi kuyasema kwa kinywa chake mbele ya watu wote wa utafiti. Alipokata nilimuuliza kama sasa ataacha mambo ya utafiti, maana sababu iliyompeleka ilikuwa uongo wangu. Aliniangalia kama ninauliza upuuzi. "Nilikwenda kwa sababu nilidhani nimeshajua wanavyodanganya," alisema. "Kumbe nilikuwa sijui hata nusu. Niache sasa, ndiyo nijue lini?" Akachutama, akavuta sanduku kutoka kona ya chumba, akatoa lile daftari ambalo Yona alimwachia, akaliweka mbele yangu pamoja na simu, akatoka nje.

Namba mbili za kwanza hazikupatikana. Ya tatu iliita mpaka ikakata. Ya nne ilipokewa na mama mmoja wa Kilosa ambaye miaka mitatu iliyopita nilimwandikia kwamba amepona kabisa. Nikamwamkia, nikajitambulisha kwa jina langu lote, Rehema, wa kwa Mama Tatu wa Mikumi, nikamuuliza ameamkaje. Salama, mwanangu, alhamdulillahi. Na mgongo? Nimepona, msalimie sana Mama Tatu. Nikamuuliza leo ametokaje kitandani, na nani alimshika.

Nilisikia mtoto analia mahali, sufuria, na mlio wa jogoo. Nikadhani amekata.

"Unauliza kweli," akasema mwishowe, "au unanisalimia tu?"

"Nauliza kweli, mama."

"Basi ngoja kwanza nikafunge mlango."